Rangi ya Buluberi

Ukuta wa duka la zamani la Folke unatazama kusini, na kwa watu wa Uppsala hilo ni jambo kubwa kuliko vyeo. Tangu Novemba jua halijaugusa, kwa sababu jengo jipya la ng'ambo ya barabara limejikalisha mbele yake kama mtu mnene aliyekuziba kwenye sinema. Lakini mwanzoni mwa Februari, mawingu yakikubali, jua hupenya katikati ya bomba la moshi na kibanda cha lifti, likashuka ukutani kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, kisha likajiendea. Siku hiyo wenyeji wa benchi la chini ya ukuta huahirisha miadi yote, hata ya daktari. Huja na makoti yao mazito, wakaegemea ukuta, wakafumba macho na kuinua nyuso kama watu wanaosubiri kunyolewa ndevu. Hapo hawasemi. Maneno wanayaweka kwa ajili ya kivuli, na kivuli wanacho cha kuwatosha.

Wa kwanza kufika alikuwa Folke mwenyewe, ambaye kijiweni anaitwa Chokaa. Alikuwa akiuza rangi. Duka siku hizi ni saluni ya kucha, lakini benchi alikataa kuliuza. Anaamini kwamba kila balaa duniani, ikiwemo talaka yake, lilianza na ukuta ambao haukusuguliwa vizuri kabla ya kupakwa. Akafuata Evald, Nusu-Daktari. Huyu alianza kusomea udaktari wa fizikia wakati bado ana nywele, na hadi leo watu wema humwuliza kwa upole kama zimebaki kurasa nyingi. Wawili hawa hawajawahi kukubaliana juu ya kitu chochote, na mmoja akiugua, mwenzake hupoteza hamu ya kula.

Wa tatu hakuwa na haja ya kufika, maana anaishi papo hapo. Gunvor, Mama Termosi, ana nyumba ya chini, na dirisha la jiko lake limepakana na benchi. Kahawa ni yake, termosi inayoitunza ikiwa moto ni yake, vikombe ni vyake, maandazi ya mdalasini ni yake. Na ni chake kile kioo kilichosimamishwa nje ya dirisha, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, chenye rangi ya zambarau iliyopauka. Nyaya mbili zinatoka kwenye kioo na kuingia chini ya chupa ya jamu iliyofunikwa kichwa chini. Ndani ya chupa kuna kifeni chekundu cha plastiki, kidogo kama kipepeo. Kifeni hicho ndicho kilichowatoa wote majumbani mapema namna ile.

Kioo kililetwa nyumbani na marehemu mumewe, Algot, fundi wa vioo wa chuo kikuu. Alirudi nacho jioni moja, kimefungwa kwa gazeti, akakiweka dirishani bila kueleza chochote, maana kueleza hakukuwa tabia yake. Asubuhi yake kifeni kikazunguka. Kilizunguka siku za mawingu, na kilizunguka Desemba, wakati mchana wenyewe ni wa kukodolea macho na mwanga wake ni kama maji yaliyooshewa vyombo. Paneli za umeme wa jua za watu juu ya mapaa zilikuwa zimelala chini ya theluji. Hiki cha Algot hakikudai jua, kilitaka mwanga tu, wowote uliopo. Gunvor aliamka akisikia trrr kwenye chupa, akajua kumekucha. Algot alipofariki, yapata miaka miwili sasa, ile trrr ilibaki. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini katika siku zile za mwanzo hakuna kingine kilichokuwa kikimtoa kitandani.

Vuli iliyopita, majani yalipopukutika, kifeni kikasimama.

Tangu hapo ukimya wa jiko ulimkaa kifuani. Alipita dirishani huku akijifanya hatazami. Evald alikifungua kioo, kumbe ni vioo viwili vilivyobanwa pamoja, akavisafisha, na wote watatu wakaanza kazi ya kukirudishia rangi kwa juisi ya buluberi, yale matunda meusi-meusi ya msituni ambayo Gunvor huyachuma kila Agosti na kuyajaza kwenye friza. Kila walipokizamisha, kifeni kilizunguka kidogo, kikachoka, kikalala. Jana walikizamisha tena. Gunvor akasema hii ni mara ya mwisho. Leo jua lenyewe litakuja, na kama kifeni hakitazunguka hata kwa jua, atakitoa dirishani akiweke kabatini na viatu vya marehemu.

Kwa hiyo mwaka huo, jua lilipochungulia kando ya bomba la moshi na kushuka ukutani taratibu, hakuna aliyefumba macho. Lilifika kwenye kofia ya Folke. Likafika kwenye kioo, na ile zambarau ikang'aa hadi Gunvor akashika mkono wa Evald bila kujua. Kifeni kikatikisika. Kikapiga nusu duara, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi, kikatulia.

Wakasubiri. Jua likawaka tu juu ya chupa ya jamu.

— Umepakwa mara moja, akasema Folke hatimaye. Ule weupe wa chini ya zambarau. Ukuta wowote unataka mara mbili.

— Chokaa, huu si ukuta.

— Kila kitu ni ukuta. Si ni titani ile? Nimeuza makopo yake maisha yangu yote. Imo mpaka kwenye dawa ya meno.

— Ni ile ile, lakini hii imesagwa ikapitiliza kusagwa. Wanaita nano. Chembe yake huioni hata kwa hadubini ya kawaida. Ukizirundika zinakuwa kama sifongo, vishimo ndani ya vishimo. Ukivikunjua vyote unafunika maegesho yale pale.

— Maegesho yote?

— Na baiskeli zake.

Folke akayatazama maegesho, akakitazama kioo, akavua kofia kwa heshima. Evald akaona ndiyo nafasi yake, akaeleza upya yale ambayo Gunvor angeweza kuyasoma kwa moyo huku akikanda unga. Kwamba rangi haikai juu kama koti, bali inavaliwa na kila chembe moja moja. Mwanga ukiigonga rangi, rangi inarusha elektroni. Elektroni inapita kutoka chembe hadi chembe mpaka kwenye kioo, inaingia kwenye waya, inazungusha kifeni, na dawa ya iodini iliyo katikati ya vioo inairudishia rangi kilichorushwa. Shida ni njiani. Chembe zimerundikana ovyo, hakuna barabara, na elektroni nyingi huzunguka zunguka humo mpaka zikapotea.

— Kama wewe ulivyopotea chuo kikuu.

— Mimi sikupotea. Nilipumzika.

— Basi nazo zinapumzika. Ziache, bwana.

— Nitakitoa, akasema Gunvor.

Alisema kwa sauti ya kawaida, akiwamiminia kahawa. Lakini wale wazee wawili waligeuka kwa pamoja, na kuanzia hapo maarifa yao yakakata kamba. Folke akasema kosa ni la matunda. Haya ni ya msitu wa karibu, yamezoea kivuli, hayana hamu. Yanatakiwa ya kaskazini kabisa, kule ambako jua la Juni halizami, yaliyowahi kuona mwanga usiku na mchana na bado yanaukumbuka. Evald, ambaye siku nyingine angecheka mpaka akohoe, akasema wazo hilo si baya, ila yachumwe na mtu mwenye mikono ya baridi. Folke akaongeza kijiko cha mafuta ya samaki, yale waliyonyweshwa utotoni kila majira ya baridi, kwa sababu kama yaliweza kumsimamisha yeye kwa miguu ile ya matege, elektroni ni nini. Evald akadai kuwa malori ya kuzoa theluji barabarani ndiyo yanayozitikisa chembe, kwa hiyo kioo kihamie kwake, ghorofa ya nne, alale nacho chumbani. Folke akamwuliza tangu lini ameoa kioo.

— Mimi nakwambia kitu kimoja, akasema Evald, na hili sitalisema chuoni. Kioo kinamjua aliyekitengeneza. Mikono yetu kimeikataa.

Akaona uso wa Gunvor, akatamani alimeze lile neno.

— Samahani, Mama Termosi. Nimeropoka.

— Hujaropoka, akasema Gunvor. Kula andazi.

Alijua wanachofanya. Walikuwa wakiongea upuuzi ili asiinuke kwenda dirishani, na aliwapenda kwa hilo. Lakini alichoka kutumaini. Alitaka ile trrr irudi, na kama hairudi, basi asiwe na chupa tupu ya kumkumbusha kila akichota maji.

Wakati huo akapita Nawal, mwanamke aliyehamia ghorofa ya tatu kabla ya theluji. Alikuwa mwalimu wa jiografia kule kwao, Homs, na sasa alikuwa mwanafunzi wa lugha, akiitafuna kila siku kama mkate mgumu wa watu wa pale. Aliwaona wazee watatu wamejipanga ukutani, kofia mikononi, wakikitazama kitu dirishani kwa huzuni. Akasimama.

— Samahanini. Je, kuna msiba hapa?

— Bado, akasema Folke. Kaa, buluberi.

Wakasogea. Gunvor akampa kikombe cha wageni, kile chenye mpini uliogundishwa. Nawal akakishika kwa mikono miwili.

— Buluberi ni nini? Katika darasa letu hatujafika hapo.

— Ndiyo wewe, akasema Folke.

Akamfafanulia kwamba buluberi ni mgeni wa jambo. Anayeanza kazi, anayeanza jeshi, anayeanza benchi na hajui kikombe kipi ni cha nani. Yeye Folke alikuwa buluberi wa baba yake dukani, akamwaga kopo zima la kijani sakafuni siku ya kwanza. Kila mtu amewahi kuwa buluberi wa mtu. Si tusi, ila inategemea na anayelisema. Nawal akalitamka neno hilo taratibu, mara mbili tatu, ili aondoke nalo nyumbani.

Wakamweleza na habari ya kifeni, kinavyotiwa rangi kila mara na kulala tena. Evald akajikohoza. Alikuwa na jambo mfukoni ambalo alilificha tangu Krismasi kwa sababu hakulielewa, na Nusu-Daktari akiwa na jambo asilolielewa hulificha kama watu wengine wanavyoficha ugonjwa. Alikuwa amekwangua kidogo pembeni mwa ule weupe, kipande kisichofika punje ya mkate, akampelekea rafiki yake chuoni mwenye hadubini ile kubwa ya kukuzia nano. Rafiki akampa picha. Akaitoa sasa kwenye simu, akiwaomba wasimcheke.

— Nilitegemea chembe. Rundo la chembe, kama sukari. Sasa angalieni.

Folke akasogeza simu mbali, akaikaribisha.

— Nywele za brashi. Brashi ya bei rahisi hunyonyoka hivyo, nimewaambia wateja miaka yote.

— Brashi gani inaingia kwenye nano, Chokaa? Mimi nadhani ni ukungu. Au juisi imeganda.

Nawal akachungulia.

— Hizi ni nyasi za mtoni. Matete. Yote yamesimama.

Gunvor akavaa miwani yake, akaichukua simu. Picha ilikuwa ya kijivu. Ndani yake kulikuwa na mirija, mingi isiyo na idadi, imesimama wima, bega kwa bega, kila mmoja na tundu lake juu. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko wote. Mirija hiyo alikuwa ameshaiona. Aliiona mezani pake.

Binti yao, Ylva, alikuwa na ishirini na kitu wakati ule. Alimfuata baba yake kazini, akaanzia chini kabisa, kukata vioo na kuosha mabakuli, mpaka akapanda akawa mtafiti kwenye maabara ile ile. Jioni moja baba na binti walibishana wakati wa chakula. Algot alimwaga sukari mezani kuonyesha chembe zake: nafasi tele ya rangi kukaa, ndiyo siri yote ya kioo. Ylva akachukua makaroni mabichi, akayasimamisha moja moja kwenye siagi. Akasema sukari ina nafasi lakini haina njia. Simamisha mirija, elektroni ishuke moja kwa moja mpaka chini bila kumwuliza mtu. Algot akasema katika msitu ule wa makaroni rangi itakaa wapi. Ylva akasema ataifanya mirija iwe myembamba zaidi na mingi zaidi, na itakaa. Algot akayafagia makaroni kwa kiganja, akasema neno moja la dharau, na Ylva akachukua koti. Alienda kufanya kazi nchi nyingine, Lausanne. Baada ya hapo Gunvor alipika makaroni kwa mikono mizito, na hatimaye akaacha kuyanunua.

Kwa hiyo Algot alikuja kukubali, akawaza. Alisimamisha mirija ya mtoto wake kwa siri, ikafanya kazi, akaiweka dirishani pale, na hakuthubutu kumwambia mtoto kwamba alikuwa sahihi. Ilimuuma hadi akarudisha simu, akaanza kumimina kahawa kwenye vikombe ambavyo bado vilikuwa vimejaa.

— Mama, akasema Nawal, niulize kitu? Kwa nini mnakitia rangi hii kila mara, na kinakufa kila mara?

— Kwa sababu ndivyo alivyosema mume wangu.

Na kwa kuwa alikuwa mgeni, na mgeni huambiwa mambo kwa urahisi, Gunvor akamsimulia. Algot alipigwa na kiharusi, mdomo ukawa mzito, maneno yakabaki machache kama meno ya mzee. Siku ile hospitalini, katika kutafuta tu la kumwambia, Gunvor alimwuliza: kile kifeni chako kikisimama, nitafanyaje? Algot akahangaika, akakusanya nguvu zake zote, akalitoa neno moja, likasikika vizuri kabisa.

— Akasema, Buluberi.

Gunvor alidhani ana njaa. Alikwenda nyumbani akapika supu ya buluberi, ile nzito anayoipenda, akairudisha ikiwa ya moto ndani ya termosi hii hii. Akamlisha kwa kijiko. Algot aliila yote, machozi yakimtoka, huku akitazama mlango. Baadaye, kifeni kiliposimama, ndipo Gunvor akaelewa kuwa haikuwa njaa, mwenzake alikuwa akimpa jina la rangi.

— Ndiyo maana, akamaliza.

Nawal alikuwa amemsikiliza kwa makini, midomo ikifuata maneno. Akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akauliza, kama mtu anayetaka tu kuhakikisha kuwa hajapitwa na sehemu ya hadithi:

— Na huyo buluberi wake alikuwa nani?

Folke akafungua mdomo. Alitaka kucheka na kumwambia kuwa hapana, dada, hilo ni tunda, lipo kwenye friza. Mdomo ukabaki wazi. Amewaita watu hivyo kwenye benchi lile tangu lilipopigiliwa misumari, amemwita huyu hivyo kabla kahawa yake haijapoa. Evald akaanza kuchunguza kamba za viatu vyake. Jua lilikuwa limefika ukingoni mwa ukuta na hakuna aliyeligeukia.

Gunvor alikuwa amekaa na termosi mapajani. Neno hilo lilikuwa la friza lake, la ndoo zake za Agosti, la vidole vyake vyeusi. Alikuwa amesahau kwamba lina mlango mwingine. Sasa likarudi, kwa sauti ya Algot, kutoka kiangazi cha mwanzo kabisa cha Ylva kazini, alipokuwa akiingia jikoni anavua viatu na kusema, buluberi wangu leo amekata kioo kizima hakikuvunjika. Anasema huku amevimba kichwa, utadhani amekikata yeye. Na likarudi tena kutoka meza ile ile, juu ya makaroni yaliyomwagika, lile neno moja la dharau ambalo Gunvor alilizika makusudi. Wewe bado buluberi.

Na siku ile ya supu Algot alikuwa akitazama mlango.

— Mama Termosi, akasema Folke kwa sauti ndogo, ili tu kuwe na sauti. Kuna nyingine?

Gunvor akainamisha termosi. Yakatoka matone, halafu hayakutoka.

Akaiweka chini, akatoa simu yake mfukoni. Namba ya Ylva alikuwa nayo. Hakuipiga tangu mazishi, ambapo binti alikuja kutoka Lausanne, akasimama karibu na mlango wa kanisa, akaondoka kabla ya kahawa ya msiba. Kule kwao, kuondoka kabla ya kahawa hiyo ni kumgeuzia marehemu mgongo. Gunvor alikuwa amemtengea kikombe. Alikaa na kikombe kile tupu mbele yake mpaka watu wote wakaisha, na tangu siku hiyo kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.

Akabonyeza. Evald akainuka ili ampishe, Folke akamvuta koti akakaa tena. Jua lilipita nyuma ya kibanda cha lifti na ukuta ukawa wa kijivu kama jana. Simu iliita, ikaita, mpaka Gunvor akaanza kuiondoa sikioni.

— Mama, ikasema. Kimesimama?

Hakusalimu. Hakuuliza nani anaumwa. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekuwa amekaa tayari.

— Kimesimama, akasema Gunvor. Umejuaje?

— Rangi niliyokitia haikuwa ya kufika mbali. Mirija niliyoisimamisha iko sawa, mirija haina tatizo, ni rangi tu na ile dawa ya kati. Nilimwambia baba siku nilipompa kile kioo pale stesheni. Nilimwambia, kikisimama uniite, nitakuja nikitie upya.

Gunvor akasikia kiti kikisogezwa huko mbali.

— Nimengoja, mama. Hata wakati bado kinazunguka nilikuwa nangoja aniite. Hakuniita.

Gunvor alikitazama kifeni chekundu ndani ya chupa, akamtazama Nawal aliyeshika kikombe chake chenye mpini uliogundishwa, akaona aibu na mapenzi vikimjaa kwa pamoja hadi hakuweza kuvitenganisha.

— Alikuita, mwanangu, akasema. Alikuita kwa sauti kabisa. Mimi nikamletea supu.

Folke akainua kikombe chake kitupu, akanywa hivyo hivyo.